Ukizimwa Kesho, Nani Atapiga Yowe?

Januari 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walichukua hesabu zinazotumika kufuatilia magonjwa ya mlipuko, wakazipachika kwenye Facebook, wakatoa jibu: ifikapo 2017 mtandao huo utakuwa umepoteza asilimia 80 ya watumiaji wake. Facebook hawakununa. Walichukua hesabu za aina hiyohiyo, wakaigeuzia Princeton yenyewe, wakatangaza kwamba kwa mwendo ule chuo hakitakuwa na mwanafunzi hata mmoja ifikapo 2021. Wakaongeza kwamba wanaotafuta neno "hewa" kwenye Google nao wanapungua, kwa hiyo kufika 2060 dunia itakuwa imeishiwa hewa.

Tuko hapa. Princeton ina wanafunzi, Facebook ina watu zaidi ya bilioni tatu, na mimi bado napumua, ingawa kwa bando la usiku.

Tangu hapo haupiti mwaka bila mtaalamu kutangaza msiba wa mtandao fulani, na mwaka unaofuata mwingine akaja na habari kwamba marehemu ameonekana Kariakoo akinunua viatu. Shida ni kipimo. Wenye hisa wa New York wanapima kwa faida ya miezi mitatu. Watafiti wanapima kwa grafu. Sisi wa Afrika Mashariki tuna kipimo ambacho hao wengine hawajabahatika kuwa nacho: kwetu mitandao huzimwa kweli. Ukizima mtandao na watu wakaendelea kula ugali wao, ujue ulishakufa zamani, ila matanga hayakutangazwa. Ukiuzima na kufika saa nne asubuhi mtaa mzima unaulizana VPN ipi haili bando, basi huo uko hai, hata kama mwenyewe anatangaza hasara.

Kwa kipimo hicho cha yowe, hii ndiyo orodha, kuanzia kimya cha Kinondoni makaburini mpaka kelele za mnada wa samaki Feri.

10. MySpace, hi5, Google+ na marehemu wenzao

Mwaka 2005 kampuni ya News Corp ya Rupert Murdoch ilinunua MySpace kwa dola milioni 580. Mwaka 2011 ikaiuza kwa milioni 35. Mwaka 2019 MySpace wakakiri kwamba walipokuwa wakihamisha seva walipoteza muziki wote uliopakiwa kuanzia 2003 hadi 2015, nyimbo zinazokadiriwa kuwa zaidi ya milioni 50. Nyimbo milioni hamsini zimeteketea, na waliolia ni wale wachache waliokumbuka ghafla kwamba waliwahi kuwa na bendi.

hi5 waulizeni waliokuwa wakilipia intaneti kafe kwa nusu saa. Walihama bila kuaga, wakaacha humo picha zao wamevaa miwani ya jua ukumbini, usiku. Google+ nayo ilifunguliwa 2011 ikafungwa Aprili 2019, na wengi wetu tulikuwa wanachama kwa sababu tu tulikuwa na Gmail. Huwezi kuililia nyumba ambayo hukujua kama ulikuwa mpangaji wake.

9. Clubhouse

Mnaikumbuka? Mwanzo wa 2021, korona imefungia nusu ya dunia ndani, watu wakagundua kwamba unaweza kuhudhuria mkutano umejifunga kanga na hakuna anayekuona. Iliingiwa kwa mwaliko, tena kwa wenye iPhone peke yao, kwa hiyo kwa miezi kadhaa kuwa na Clubhouse kilikuwa cheo. Aprili mwaka huo ilithaminishwa kiasi cha dola bilioni 4. Mei ikawafungulia wenye Android, yaani sisi wananchi, na cheo kikaishia hapo.

Twitter walikuwa wameshaiga vyumba vile na kuviita Spaces. Aprili 2023 Clubhouse ikapunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi. Wale waliokuwa wakituuzia siri za mafanikio usiku kucha wote walihamia Spaces, na siri zao, na mafanikio bado wanayasubiri.

8. LinkedIn

Microsoft waliinunua mwaka 2016 kwa dola bilioni 26.2, na tangu 2023 wanahesabu wanachama zaidi ya bilioni moja. Haiugui wala haiponi, maana hakuna anayeishi humo. Tunakwenda tukiwa na shida ya kazi, tunaondoka tukiipata.

Ikizimwa kesho, atakayepiga yowe atalipiga kwa sentensi fupifupi, kila moja na mstari wake, na mwisho atatueleza kuzimwa huko kumemfunza nini kuhusu uongozi.

7. Threads na Bluesky

Hawa ni wakimbizi wa Twitter, wamejigawa kambi mbili. Threads ya Meta ilifunguliwa Julai 2023 na kukusanya watu milioni 100 ndani ya siku tano, kwa kuwa ukishakuwa na Instagram unaingia kwa kugusa mara moja. Agosti 2025 walisema wamevuka milioni 400 kwa mwezi. Uliza mtaani sasa: "Threads unaitumia?" Utajibiwa: "Ile inayonitokea katikati ya Instagram?" Naam, ndiyo hiyo. Na wewe ni mmoja wa milioni 400, hongera.

Bluesky ilizaliwa ndani ya Twitter yenyewe mwaka 2019, enzi za Jack Dorsey, ikafungua milango kwa kila mtu Februari 2024, na baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba mwaka huo ikavuka watu milioni 20. Ni mahali pastaarabu. Wamo maprofesa na waandishi wa habari walioikimbia X, na mazungumzo yao makubwa ni kuhusu X.

6. Snapchat

Mwaka 2013 vijana wa Snapchat walikataa dola bilioni 3 za Facebook. Kiburi kile nilikipenda. Mark Zuckerberg wa Facebook hakugombana nao: Agosti 2016 Instagram ikaiga Stories zao bila hata kubadilisha jina. Februari 2018 Kylie Jenner akaandika sentensi moja kuuliza kama kuna mwingine asiyefungua tena Snapchat, na thamani ya kampuni ikashuka kwa takriban dola bilioni 1.3. Kuna watu wanaposti kwa bidii mwaka mzima na hawajawahi kushusha hata bei ya nyanya.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Watumiaji waliendelea kuongezeka. Mwaka 2025 walizidi milioni 450 kwa siku. Hisa zake, zilizouzwa kwa mara ya kwanza dola 17 mwaka 2017, mwaka huohuo wa 2025 zilikuwa zikisuasua chini ya hapo. Watu wanajaa, pesa haionekani. Ikizimwa kesho, wasichana wa Muscat na Dubai watalia kweli, maana Ghuba bado wanaishi humo. Huku kwetu tutakumbuka tu masikio ya mbwa.

5½. Telegram

Nusu, kwa sababu yowe lake lina msimu. Novemba 2023 na tena Novemba 2024, wakati wa mitihani ya KCSE ya kumaliza sekondari, Telegram ilizimika Kenya, kwa kuwa humo ndimo karatasi za mitihani, za kweli na za uongo, zilikuwa zikiuzwa. Kwa hiyo lilisikika yowe la ajabu: wapiga kelele walikuwa wengi, ila hakuna aliyeweza kusema mbele ya mzazi wake kwa nini anaumia.

Wengine walioumia ni wapenzi wa filamu za bure. Hao nao hawakuandamana.

Mwenye mali, Pavel Durov, alikamatwa uwanja wa ndege karibu na Paris Agosti 2024, na Machi 2025 akatangaza watumiaji zaidi ya bilioni moja. Anayedhani kesi inaua mtandao na aende akamuulize yeye.

5. Facebook

Huyu amezikwa mara nyingi kuliko wote. Februari 2022 Meta walitangaza kwamba kwa mara ya kwanza wanaoingia Facebook kila siku wamepungua, kutoka bilioni 1.930 hadi bilioni 1.929. Punguzo lenyewe hata kwa darubini hulioni. Kesho yake hisa zikaporomoka asilimia 26, na zaidi ya dola bilioni 200 za thamani zikayeyuka kabla ya chakula cha jioni. Novemba mwaka huo Mark Zuckerberg akawaachisha kazi watu 11,000. Na ni yeye aliyekuwa amebadilisha jina la kampuni mwaka mmoja kabla, akiahidi kutuhamishia sote kwenye ulimwengu wa miwani, ambako kwa mwanzo binadamu hawakuwa na miguu.

Makaburi yakachimbwa. Magazeti yakaandika tanzia. Mwaka 2023 akabana matumizi, hisa zikakaribia kupanda mara tatu, na Facebook ikavuka watu bilioni tatu kwa mwezi. Waliokuja na mikeka ya msiba wakarudi nayo.

Lakini hebu ifungue hiyo Facebook, tazama nani anaishi humo. Mwaka 2024 ilifurika picha zilizotengenezwa na akili mnemba: Yesu aliyeundwa kwa kamba wa baharini (simaanishi kamba za kufungia mbuzi, ni wale wa kwenye pilau), na mtoto wa Kiafrika, peku, amesimama kando ya gari alilolitengeneza kwa chupa za maji. Chini yake Amina elfu kadhaa. Shangazi yako ni mmoja wao. Mwache.

Na ushahidi mzito kuliko wote wameutoa Meta wenyewe, kwa hiari, tena mahakamani. Aprili 2025 serikali ya Marekani iliwafikisha mbele ya Jaji James Boasberg ikidai wamehodhi biashara ya kuunganisha watu na marafiki zao. Utetezi wao ukawa huu, nami naufupisha kwa maneno yangu: mheshimiwa, marafiki gani? Wakaleta takwimu kwamba muda ambao mtu anautumia Facebook kuangalia vitu vya rafiki zake umeshuka mpaka asilimia 17, na Instagram asilimia 7. Kilichobaki ni video za watu baki. Novemba 2025 jaji akawapa ushindi. Nimewahi kusikia mtuhumiwa akijitetea kwamba hakuwepo eneo la tukio. Huyu alijitetea kwamba hata tukio lenyewe liliacha kuwepo.

Kwa hiyo anayesema Facebook imepona ana hesabu zake, na anayesema imekufa anazungumzia zile picha za harusi ya binamu ambazo hazimfikii tena.

Yowe tulishalipima. Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, Uganda iliifunga Facebook baada ya kampuni hiyo kufuta akaunti zilizohusishwa na serikali. Intaneti ikazimwa, ikarudi. Mitandao mingine ikarudi. Facebook ikaachwa nje miaka na miaka. Wenye maduka waliumia, wenye VPN wakaendelea kimyakimya, na wengine wakahama wakagundua kwamba waliosoma nao darasa la nne wanaweza kuishi bila kujua wao walikula nini mchana. Yowe la wastani. Ndiyo maana yuko nafasi ya tano, na asinung'unike.

4. Instagram

Ilinunuliwa Aprili 2012 kwa dola bilioni moja ikiwa na wafanyakazi 13, watu wakamcheka Zuckerberg. Septemba 2025 ilitangaza watu bilioni tatu kwa mwezi. Waliocheka wamefuta posti zao.

Hapa Tanzania huu si mtandao, ni mkoa. Bongo Fleva inaishi humo, umbea unazaliwa humo, ndoa za wasanii zinafungwa na kuvunjika humo kabla shehe na mchungaji hawajaarifiwa. Na duka la Kariakoo lisilo na Instagram ni ghala. Ombi langu kwa wenye maduka hao ni moja tu: bei. Gauni limepigwa picha kumi na moja, mbele, nyuma, likiwa limevaliwa, likiwa limetundikwa. Umeuliza bei? "Njoo DM dear." Siri za Jeshi la Wananchi hazilindwi hivyo.

Mfano mzuri wa nguvu ya Instagram ni Kili Paul, kijana wa Kimasai aliyejulikana pamoja na dada yake Neema kwa kuigiza nyimbo za filamu za Kihindi wakiwa na rubega zao kijijini. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini ulimpa heshima, na Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao redioni. Wengi wanamwita nyota wa TikTok, lakini India iliifungia TikTok tangu Juni 2020. Waliompenda kule walimwona kwenye Reels za Instagram, ambazo ziliundwa kuiga TikTok na kuingizwa India siku chache tu baada ya TikTok kufukuzwa sokoni. Zuckerberg hajawahi kufika msibani mikono mitupu. Lazima aondoke na shamba.

Yowe: kubwa, na limehaririwa vizuri, lina muziki na kichujio.

3. X, zamani Twitter

Mhasibu yeyote angemweka huyu namba kumi. Mimi namweka wa tatu, na nitamtetea.

Hesabu zake kwanza, tuzimalize. Oktoba 2022 Elon Musk aliingia ofisini amebeba sinki, akailipia kampuni dola bilioni 44, na Novemba akafukuza nusu ya wafanyakazi. Miongoni mwao walikuwemo wa ofisi pekee ya Twitter barani Afrika, iliyokuwa Accra, waliokuwa wamehamia jengo jipya siku chache tu kabla. Hata viti havijapata joto. Julai 2023 jina likafutwa, ikabaki herufi ambayo shuleni ilimaanisha umekosa. Mwezi huohuo mwenyewe akasema mapato ya matangazo yameshuka karibu nusu. Novemba akiwa jukwaani akawatukana watangazaji hadharani, na wao, kwa mshangao mkubwa wa hakuna mtu, hawakurudi mbio. Machi 2025 akaiuza X kwa kampuni yake nyingine ya akili mnemba, kwa thamani ya dola bilioni 33. Ni kama mzee anayemuuzia mkewe mbuzi wao wenyewe, wakapatana bei, kisha wakakitangazia kijiji kwamba soko la mbuzi limechangamka.

Ndani nako ni taabu. Umeandika kwamba mvua inanyesha Tabata. Wa kwanza kujibu anauza sarafu za kidijitali, wa pili yuko uchi, wa tatu anaiuliza Grok, akili mnemba ya humohumo, kama kweli Tabata kuna mvua.

Haya. Sasa nitajieni mtandao mwingine ambao ungemlazimisha mkubwa wa CNN kupanda ndege. Julai 2015, Obama akielekea Nairobi, CNN waliiita Kenya kitovu cha ugaidi. Wakenya wa Twitter wakaanza kazi, na Agosti mkurugenzi mtendaji wa CNN International, Tony Maddox, akaja mwenyewe kuomba radhi. Juni 2024 vijana walipoukataa Muswada wa Fedha, mijadala ya Spaces ilikesha; tarehe 25 bunge likavamiwa na watu wakauawa, tarehe 26 Rais William Ruto akasema hatausaini. Julai 5 rais huyohuyo akaingia kwenye Space kujibu maswali ya vijana, watu zaidi ya laki moja wakisikiliza. Hapakuwa na itifaki ya kuzingatiwa. Kulikuwa na mtu ambaye maikrofoni yake inatoa sauti ya boda boda, na rais anasubiri.

Tanzania tulipewa mtihani wenyewe Mei 2025. Akaunti ya Jeshi la Polisi ilidukuliwa ikaposti uzushi na uchafu, na X ikazimwa nchini. Kumbuka TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, walikuwa wameshataka watumiaji wa VPN wajiandikishe tangu Oktoba 2023. Kwa kanuni, basi, X ingepaswa kunyamaza. Badala yake mbishi uleule wa Temeke aliendelea kubishana saa zilezile kuhusu Simba na Yanga, ila sasa anaonekana yuko Amsterdam. Uholanzi haijawahi kuwa na mashabiki wengi wa Yanga kiasi hicho.

Septemba 2025 ikafuata zamu ya JamiiForums, kijiwe chetu tangu 2006, kilipofungiwa siku 90. Nacho kilishazoea, mwaka 2018 kilijizima chenyewe kwa wiki kadhaa kwa ajili ya kanuni mpya za maudhui, na watu wakakisubiri mlangoni. Msinichekee ninaposema kijiwe kidogo kinachosubiriwa mlangoni ni kizima kuliko jumba la mabilioni ambalo watu hawajui kama wamo.

2. TikTok

Donald Trump alitaka kuifunga mwaka 2020. Sheria ya kuifunga ikasainiwa na Joe Biden Aprili 2024. Usiku wa Januari 18, 2025 ikazimika Marekani, na yowe lile lilisikika mpaka Beijing: watu walikimbilia RedNote, mtandao wa Kichina, wakaanza kujifunza Kichina ili tu wasimpe Zuckerberg raha. Baada ya saa kama kumi na nne hivi ikawashwa, na ikawashukuru waokozi wake kwa kumtaja Trump. Ndiyo, huyohuyo. Siasa za kijiji nazo ziko hivi, ila kijijini wanaona haya kidogo.

Kenya Agosti 2023 mwananchi mmoja alipeleka ombi bungeni TikTok ipigwe marufuku kwa kuharibu maadili. Mwezi uleule Ruto akazungumza na bosi wa TikTok, Shou Zi Chew, wakaelewana kuhusu kusimamia maudhui, marufuku haikuja. Bunge lilifanya busara, maana mwaka huo ripoti ya Taasisi ya Reuters ilionyesha Wakenya ndio vinara wa dunia, kati ya nchi zilizochunguzwa, kwa kutumia TikTok. Ungefungia nini, taifa? Na mwaka mmoja baadaye walewale waliodhaniwa wanacheza tu walikuwa wakiufafanua Muswada wa Fedha kwa Kikikuyu, Kijaluo na Sheng, kifungu kwa kifungu. Waziri wa Fedha hakuwahi kuwa na wasomaji makini kiasi kile, na nadhani hakuwatamani.

Na kuna laivu za usiku. Mtu mzima na heshima zake, skrini imegawanywa kati, anamwomba mtu asiyemjua amrushie simba. Simba halisi anaingiza watalii. Huyu wa TikTok anaingiza pesa ambayo kampuni inamega sehemu nono kabla haijamfikia mwenye laivu. "Gonga skrini wanangu, tap tap tap." Tunagonga. Saa nane za usiku, tunagonga.

Ikizimwa kesho? Kutakuwa na yowe, halafu watu watapata usingizi, halafu watashangaa watoto wao wamekua.

1. WhatsApp

Mlijua. Facebook waliinunua Februari 2014 kwa dola bilioni 19, ikiwa na wafanyakazi wasiojaa daladala mbili. Sasa ina watu zaidi ya bilioni tatu, na hakuna anayeandika makala kuuliza kama inakufa.

Ilijaribiwa, tena vibaya. Machi 2018 mmoja wa waasisi wake, Brian Acton, akiwa ameshachukua pesa na kuondoka, aliwahimiza watu waifute Facebook, naye alikuwa ameshaweka dola milioni 50 kuisaidia Signal, mpinzani wa WhatsApp. Januari 2021 WhatsApp walipotangaza masharti mapya ya faragha dunia ikaapa kuhama. Elon Musk akaandika watu watumie Signal, na wawekezaji wakakimbilia hisa za Signal Advance, kampuni ndogo isiyohusika kabisa, zikapaa. Huku kwetu watu nao waliapa. Waliapia wapi? Kwenye status ya WhatsApp. "Nahamia Signal, atakayenihitaji anipate huko." Tulisoma, tukaweka moyo, na kesho yake tulimwona akiposti maandazi.

Hakuna wa kuhama, kwa sababu huwezi kuhama na kamati. Grupu la mchango wa harusi lina watu 140, mweka hazina anabandika orodha kila jioni, jina lako liko namba 87 na mbele yake pametupu. Ukitoka, mfumo unawanong'oneza wasimamizi wa grupu kwamba umetoka. Uchumi mzima wa aibu umejengwa hapo, na hakuna mhandisi wa California aliyeuchora. Ongeza grupu la ukoo, la msiba (halivunjwi hata baada ya arobaini), la wazazi wa darasa la tatu, la vikoba, la jumuiya, na lile ambalo hakuna anayekumbuka lilihusu nini ila kila asubuhi mzee mmoja anatuma ua lenye maandishi ya kumtukuza Mungu. Yeye akinyamaza siku mbili, watu wanapiga simu nyumbani kwake.

Uganda walijaribu kuutoza kodi uhai huu. Julai 2018 ilianza tozo ya shilingi 200 kwa siku kwa WhatsApp na wenzake, Rais Museveni akiwa ameeleza kwamba olugambo, yaani umbea, una gharama na inapasa ulipiwe. Watu wakaweka VPN ambazo wakati mwingine zilikula bando kuliko ile shilingi 200 yenyewe, na wakazitumia kwa furaha. Mwaka 2021 tozo ikafutwa, ikahamishiwa kwenye bando, asilimia 12. Umbea ulishinda kesi kwa gharama zake wenyewe.

Oktoba 4, 2021 ilipozimika kwa saa kama sita pamoja na ndugu zake wa Meta, dunia nzima ilisimama. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, Tanzania ilizimiwa intaneti kwa siku kadhaa, na hapo utani nauweka pembeni, kwa sababu kilichotafutwa kwa hofu siku zile hakikuwa video. Watu walikuwa wanataka kujua ndugu zao wako hai. Ile alama moja ya kijivu isiyokuwa mbili, kwa siku zile, ilikuwa mateso.

Basi tishio la WhatsApp haliko kwa washindani. Liko kwa mwenye nyumba. Waasisi walikuwa wameapa hakutakuwa na matangazo. Wote wawili wakaondoka, na Juni 2025 Meta wakatangaza kwamba matangazo yanaingia kwenye ukurasa wa status. Kwa sasa wanasema hawatagusa meseji zenyewe. Nawashauri wasijaribu. Siku tangazo la sabuni litakapojipenyeza katikati ya orodha ya michango, kati ya namba 86 na namba 87, mweka hazina atalipigia simu, ataliuliza linatoa shilingi ngapi, na atalikumbusha litume na ya kutolea.